Miti Iliyozidi Vibao

Vibao viliisha kabla ya miti.

Beryl aliuinua mfuko mtupu, akautikisa, akauchungulia ndani kana kwamba kibao kimoja kingeweza kujibanza pembeni. Kisha akainua macho na kuitazama safu iliyokuwa mbele yake. Mikoko michanga ya kimo cha goti ilisimama kwenye tope, majani yake mazito yaking'aa, na mingi ilikuwa imevishwa kibao kidogo cha mbao kwa uzi wa mkonge, kila kibao na jina la mtu. Lakini baina ya yenye vibao ilisimama mingine isiyo na kitu. Si mmoja wala miwili. Safu ile yote ilikuwa hivyo, na safu ya nyuma yake, na iliyofuata.

"Hii miti ni mingi kuliko vibao," alisema.

"Basi imezaa," alijibu Mwanapili, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Leso yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini na tope limempanda mpaka mapajani. "Hewa ya Gazi hiyo, dada. Ukikaa sana hapa na wewe utazaa."

Wanawake wakaangua kicheko. Beryl naye akacheka, maana alikuwa ameshawazoea tangu asubuhi, walipomvua viatu vyake vyeupe na kumfundisha kutembea topeni bila kung'ang'ania.

Alfani hakucheka. Alikuwa mwisho wa safu, ameinama juu ya kidimbwi, akisuuza mikono ambayo ilikwisha takata zamani.

Kazi ya siku ile ilikuwa rahisi kueleza. Beryl alitoka kwenye duka moja la mtandaoni lenye ghala lake Ukunda. Mtu akiwa Diani au Msambweni, au hata Kwale kule juu, alichagua feni au viatu kwenye simu, na pikipiki ikamletea mzigo wake mpaka mlangoni. Kabla hajalipa, simu ilimuuliza kama angependa kulipia moshi wa safari ile. Aliyekubali aliongeza kitu kidogo, na kitu hicho kikaja Gazi, kwenye kikundi cha kina mama wa mikoko, ili upandwe mti wa kuimeza hewa chafu iliyotoka kwenye pikipiki na kuifungia kwenye shina, mizizi na tope. Mwaka huu duka lilikuwa limeongeza jambo jingine. Kila aliyelipia angepata kibao chenye jina lake, mti wake ungepigwa picha, naye angetumiwa picha hiyo aione.

Ndiyo maana tangu asubuhi walikuwa wakifunga majina ya watu wasiowajua kwenye miti waliyoipanda wenyewe. Walikuwa wakiyasoma kwa sauti na kuyatania. Huyu lazima ni mnene. Huyu amenunua wigi. Huyu ni mkorofi, mfungie ule mti uliopinda.

Alfani alifunga vyake kimya. Kila alipofika kwenye mti alisita kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Alikuwa mwanamume pekee katika kikundi, na nafasi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Hafsa. Kikundi kilikuwa na desturi kwamba mwanachama akifariki, nafasi yake haifungwi. Hukaa mtu mwingine wa nyumba ile. Wote walidhani atakuja Warda, binti yao. Lakini Warda alikuwa ameolewa Waa, na mtoto wake wa mwisho bado alikuwa akinyonya. Basi bamvua la kwanza baada ya arobaini, maji yalipokupwa mbali na tope likabaki wazi, wanawake walimwona Alfani akishuka pwani amebeba ndoo ya Hafsa.

"Karibu, Mama Alfani," Mwanapili alimwambia siku ile.

"Nimekaribia," alijibu.

Jina likamganda. Mama Alfani, lete kamba. Mama Alfani, umechoka, kakae kivulini upete mchele. Aliitika kila mara, na hakuonyesha kuudhika. Tangu mazishi watu wengi walikuwa wakimwambia maneno ya upole, na upole ule ulikuwa ukimchosha kuliko tope. Mizaha ya Mwanapili ilimpumzisha.

Ujanani alikuwa mkata boriti. Aliujua mkoko kwa shoka. Akiutazama tu aliweza kusema huu ni fito, huu pau, huu utafika boriti. Kiwanja kile kitupu walichokuwa wakikipanda sasa kilikatwa na mikono mingi, na yake ikiwemo. Kuujua mkoko ukiwa mbegu alifundishwa na Hafsa, tena kwa maneno tu, katika miezi ile ambayo figo zilimlaza na miguu yake ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine. Jioni Alfani alimsugua miguu, naye Hafsa alizungumza juu ya kazi yake huku amefumba macho.

"Mbegu ya mkoko ni ndefu, unaijua. Usiizike yote. Theluthi tu iingie topeni. Ukiizika sana inaoza. Ukiiegesha, maji yanaichukua."

"Haya."

"Na uishike hapa katikati, si kwenye ncha. Ncha ndiyo roho yake."

"Wanifundisha mimi kwa kazi gani?"

"Nazungumza tu," alisema Hafsa. "Nikinyamaza nausikia mguu."

Siku ile ya kwanza ya kuingia kwenye tope la mkewe, Alfani aliinama na kuchomeka mbegu, na moyoni akasema: hii ya Hafsa. Akafanya hivyo kwa ya pili, na ya tatu, mpaka mgongo ukamwuma na safu ikaisha. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini alasiri Mwanatumu, mwenyekiti, alimpa ujira wake kama alivyowapa wengine, na ujira ule ukamchoma kiganjani. Miti ile ilikuwa imelipiwa. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameinunua, na yeye alikuwa amepokea malipo ya kuipanda, kisha akaigeuza sadaka. Mtu hutoaje sadaka mali ya mwenzake?

Usiku ule aliomba msamaha, na asubuhi alikuwa ameshajua la kufanya. Alianza kushuka pwani mapema, kabla ya kina mama, na kupita chini ya mikoko mikubwa akiokota mbegu zilizoanguka zenyewe. Alizifunga kwenye kikoi. Wakati wa kazi alipanda mbegu ya duka kwenye alama ya kamba, na kisha, mwenzake wa mbele alipokuwa ameinama, alichomeka nyingine baina ya alama. Ya duka kwa ujira. Ya Hafsa kwa jina la Mungu.

Alikuwa amejaribu kwingine kwanza. Upande wa kusini mchanga uliziangusha. Kule mbele zaidi, wimbi lilizichukua zote kwa siku moja. Pahali palipozishika ni hapa tu, katika kiwanja kilichopimwa kwa kamba, kwa sababu Hafsa na wenzake walikuwa wamekizibulia mfereji wa maji miaka iliyopita. Tena alipenda Hafsa awe hapa, katikati ya kazi yake na kelele za Mwanapili.

Hakumwambia mtu. Sadaka haitangazwi. Na hakuwahi kufikiri kwamba mbegu mbili zilizochomekwa siku moja, zilizodondoka chini ya mti mmoja, zingekua zikifanana kama pacha.

"Sikizeni," Beryl alikuwa akisema sasa, amechangamka. "Hii si shida. Hii ni habari poa sana. Kuna wateja kibao wamelipia na bado hawajapewa miti. Tulikuwa tunangoja mpande msimu ujao. Sasa hii iko tayari, imeshika vizuri. Nikirudi ofisini naiingiza, kikundi kinalipwa, mambo imeisha."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanatumu. Alikuwa mama mtu mzima, mzito wa mwendo, anayefundisha watoto Kurani chuoni jioni. Hata topeni alizungumza kama aliyeketi. "Basi kwa fedha hiyo bomba la maji litafika upande wa juu wa kijiji."

"Litafika mlangoni kwangu!" Mwanapili alipiga vigelegele. Yeye aliishi upande wa juu, na utosi wake ulikuwa umekaliwa na ndoo tangu alipoolewa. "Jamani, aliyekosea kuhesabu mbegu simjui, lakini Mungu ampe pepo. Nitaoga mara mbili kwa siku mpaka mume wangu aniogope."

Alfani alisimama wima. Maji ya kidimbwi yalimchuruzika vidoleni.

"Hiyo haiuzwi," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, na vicheko vikaendelea. Ikambidi aseme tena.

"Mama Mwenyekiti. Hiyo miti iliyozidi haiuzwi. Ni ya Mama Warda."

Kicheko kilikatika kwa vipande, mmoja mmoja akimtazama mwenzake. Mwanatumu akajikokota mpaka alipo.

"Ya Hafsa? Hafsa aliipanda lini, na yeye hakushuka huku mwaka mzima kabla ya kufa?"

"Nimeipanda mimi. Kwa ajili yake. Mbegu niliokota mwenyewe, si za kikundi. Ya duka nilikuwa naipanda kwanza, sikuipunja. Kule mbele nilijaribu, wimbi likazichukua zote, basi hii niliiweka katikati."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?"

Beryl alitazama huku na huku, hajui kama aulize au anyamaze. Aliyenena ni Mwanapili, na alinena kabla hajafikiri, kama kawaida yake, ila safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Maiti hanywi maji, Alfani. Mimi ndiye ninayekunywa. Wanangu ndio wanaokunywa."

"Mwanapili!" Mwanatumu alimkemea. "Funga mdomo wako, umche Mungu."

"Mwache," alisema Alfani. "Ni kweli anayosema."

Walisikia tope likitoa pumzi zake ndogo ndogo, na mbali kidogo, maji yaliyoanza kugeuka.

Beryl alikohoa. "Pole sana, baba," alisema. "Sikujua. Basi tufanye hivi. Nionyeshe yake ni gani, tuiache hiyo. Kama kuna yetu haina kibao, nitaagiza vibao vingine. Kila mtu achukue yake."

Ilikuwa haki, na hakuna aliyepinga. Wakaitandaza kamba upya, ile yenye mafundo ya kupimia, mwanamke mmoja akishika mwanzo na mwingine mwisho. Alfani alianza kutembea kando yake. Penye fundo ni mti wa duka. Pasipo fundo ni wa Hafsa. Alikuwa amelijua hilo kwa miezi, kama anavyojua upande wa kibla.

Mti wa kwanza alisema, "Huu wake." Wa pili, "Huu wa duka." Wa tatu akasita. Palipokuwa na fundo hapakuwa na mti, ila kijiti cheusi kilichooza. Mbegu ya duka ilikuwa imekufa, na mti uliokuwa karibu yake ulikuwa umevishwa kibao na mmoja wa kina mama. Kibao kilisema *Mercy T.* Alfani aliugusa mti ule, akakumbuka, au alidhani anakumbuka, akiuchomeka huku mvua ya manyunyu ikimpiga mgongoni. Akaenda mbele. Hapa miwili ilikuwa imeinamiana. Pale maji yalikuwa yamehamisha tope na mstari mzima ukasogea upande. Alirudi nyuma, akaanza upya, akaenda mbele tena. Kina mama walimfuata kwa macho tu. Alipofika katikati ya safu akasimama, mikono imening'inia.

"Sijui," alisema.

"Hujui upi?" aliuliza Mwanatumu taratibu.

"Sijui wake ni upi. Mingine yake imeshafungwa majina. Mingine isiyo na majina si yake." Alizungusha macho kwenye safu. "Nimemchanganya na watu."

Mwanatumu alimshika kiwiko, na hakumwachia.

Beryl alivuta hatua mbili, tope likamnasa, akajinasua. "Baba, naweza kukuuliza kitu? Usikasirike."

"Uliza, mwanangu."

"Ulitaka mama apate nini kwa hii miti?"

Alfani alimtazama msichana huyu wa bara, suruali yake imelowa mpaka kiunoni, pua imemwiva kwa jua. Haikuwa dhihaka. Alitaka kujua.

"Thawabu," alisema. "Mtu akipanda mti, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, hiyo ni sadaka kwake. Na unaweza kumpa aliyekufa. Kila kiumbe anapokula, yeye huko aliko anafikiwa."

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema Mwanatumu.

Beryl alifikiri. "Lakini sisi hatuuzi hiyo."

"Hamuuzi nini?"

"Hiyo ya kula. Mimi ndiye nawaeleza wateja kila siku kwa simu, wakiuliza wanalipia nini. Nawaambia ni moshi. Umeitisha feni, pikipiki imetoka Ukunda hadi kwako, imetoa moshi. Huu mti unameza moshi wa kiasi hicho. Basi. Huwezi kuja kuukata, huwezi kuja kuvua samaki chini yake useme ni wako. Ni moshi tu umenunua. Hata kile kibao ni vile watu wanapenda kuona jina lao."

Alfani aliinama, akakigusa kibao kilichokuwa karibu naye.

"Kumbe ni kama mbuzi," alisema Mwanapili kutoka nyuma. Alikuwa amesimama kando tangu alipokemewa, akichora tope kwa kidole cha mguu. "Mimi nanunua maziwa ya mbuzi wa jirani yangu Mwinga kila asubuhi. Maziwa yangu. Lakini mbuzi akinya, samadi ni ya Mwinga. Sijawahi kwenda kumdai."

"Mwanapili, ya Rabbi," alisema Mwanatumu. "Thawabu za marehemu wazifananisha na kinyesi cha mbuzi?"

"Nasema samadi, mama! Samadi inaotesha mchicha!"

Mwanamke mmoja alijaribu kukizuia kicheko kwa leso, kikampenya puani, na hapo wote wakashindwa. Hata Mwanatumu aligeuza uso upande wa bahari mabega yakimtikisika. Alfani aliona kitu kikimfunguka kifuani, akacheka nao, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau njia yake, na kilipokwisha alijikuta anapangusa macho kwa upande wa mkono usio na tope.

"Hafsa angecheka hapo mpaka akaketi," alisema.

"Angeketi, tena topeni," alisema Mwanapili. Alimkaribia, akasimama mbele yake bila kumtazama usoni. "Nisamehe, Alfani. Mdomo wangu ulitangulia. Yule alikuwa shoga yangu kabla hajawa mke wako."

"Najua."

"Alizipa mimba zangu zote majina."

"Najua, Mwanapili."

Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mfereji. Yalikuja bila sauti, kama yanavyokuja Gazi, ulimi mwembamba wenye povu ukitafuta njia baina ya mizizi. Muda si mrefu vifundo vya miguu vingefunikwa, na wangelazimika kuondoka, jambo limeamuliwa au halijaamuliwa.

Alfani aliyatazama maji, kisha kina mama.

"Sikilizeni," alisema. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, na maneno yalimtoka moja moja. "Yenye vibao iwe ya wenye majina. Hata kama mingine mkono wangu uliipanda kwa niya nyingine, nimeridhia, niya ilifika ilikokwenda. Isiyo na vibao niachieni. Sitaki kuichagua tena. Inayobaki ndiyo yake." Akanyoosha mkono kuelekea tope tupu la mbele, linalotazamana na bahari. "Na bamvua lijalo nitaanza kupanda kule. Bila ujira. Iwe ya kikundi, iuzwe, bomba liende juu kwa Mwanapili."

"Kule wimbi linapiga," alisema Mwanatumu. "Ulijaribu mwenyewe, umesema sasa hivi, likazichukua zote."

"Nilipanda mbegu tupu. Nitaotesha kitaluni kwanza, mpaka ziwe na mizizi. Na mbele yake nitasimika vigingi, safu mbili, vilivunje wimbi nguvu. Vigingi nimevikata maisha yangu yote, hivyo sihitaji kufundishwa."

"Peke yako?"

"Nina nafasi. Nyumbani hapana anayeningoja."

Neno hilo la mwisho hakulikusudia. Lilitoka tu, na likakaa pale katikati yao.

"Peke yako," Mwanapili alirudia, "utasimika vigingi mpaka mgongo ukunjike kama upinde, ufe, tushindwe kukulaza sawa kaburini. Tukuzike umeketi? Mimi nitakuja. Bomba ni langu, na mimi nitakuja."

"Na mimi," alisema aliyekuwa ameshika mwanzo wa kamba.

"Hata mimi, ila isiwe Ijumaa."

Mwanatumu alingoja sauti ziishe. Akamgeukia Beryl. "Umesikia, mwanangu. Kikundi hakitadai iliyobaki."

"Nimesikia, mama. Lakini na mimi lazima niripoti. Picha inaonyesha miti mingi. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona. Miti hai, yenye mwenyewe."

Beryl alitoa simu kwenye mfuko wake wa nailoni, akaandika akiwa amesimama palepale, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Alipomaliza alipapasa mkobani, akatoa kalamu nene aliyoandikia vibao. "Baba, naweza kutengeneza kibao cha mama. Mbao nitapata Ukunda. Niandike jina lake vizuri."

Alfani aliufikiria ule wema. Akaliona jina la Hafsa likining'inia kwenye uzi, likipigwa na chumvi, likifutika herufi baada ya herufi.

"La, mwanangu. Usijisumbue. Anajulikana."

Waliondoka wakiwa wamefuatana, ndoo vichwani, maji yakiwafuata visigino. Walipofika nchi kavu Beryl alivaa viatu vyake vyeupe kwenye miguu ya kijivu, akaaga mmoja mmoja, na alipofika kwa Alfani akababaika, akatafuta neno la heshima, akasema, "Shikamoo, baba."

"Sasa wamwamkia na waenda zako?" Mwanapili alimcheka.

"Marahaba," alijibu Alfani. "Marahaba, na safari njema."

Bamvua lililofuata walisimika vigingi. Kazi ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Kigingi kilichoingia leo kilikutwa kimelala kesho yake, na Alfani alijifunza kuvipanda kwa mshazari, viligeuzie wimbi bega badala ya kifua. Kina mama walikuja wote, hata wale walioapa kwamba hawaji, na wa Ijumaa akaja Ijumaa. Kitaluni mbegu zilikuwa zimetoa majani mawili mawili. Warda alishuka kutoka Waa na mtoto mgongoni, akaonyeshwa mahali pa mama yake, akasimama pale muda mrefu, na jioni alimpikia baba yake wali wa nazi na kumtazama mpaka akaumaliza.

Safu ya kwanza ya kule mbele walipoipanda, mingine ilisombwa. Mingi ilibaki.

Siku hiyo Alfani alibaki nyuma kidogo kukusanya kamba. Wenzake walikuwa wameshatangulia. Alizisikia sauti zao baina ya miti, Mwanapili akisimulia jambo na kujichekea mwenyewe. Njia ya kurudi ilipita kwenye kiwanja cha zamani. Mikoko ilikuwa imemfika mapajani sasa, na mizizi ya kwanza ya pembeni ilikuwa imeanza kujichomoza kwenye mashina kama vidole vinavyopapasa chini.

Kwenye mmoja wa miti ile aliona kitu kikitembea. Kaa mdogo, mweusi, mwenye magando mekundu, alikuwa amepanda shina mpaka juu na kushika jani changa, jani jipya kabisa lililokuwa halijafunguka vizuri. Alikuwa akilikata kwa utulivu, kipande baada ya kipande, na kukipeleka mdomoni.

Mkono wa Alfani ulishanyanyuka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya wote kwenye kikundi: kaa akionekana kwenye mti mchanga anapigwa kibao cha mgongo, anaanguka, kazi inaendelea.

Mkono ukabaki hewani. Kaa naye akaacha kutafuna. Macho yake mawili yakasimama wima, yakimtazama.

Hakuangalia kama mti ule ulikuwa na jina. Aliushusha mkono polepole, akarudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, akikanyaga kwa uangalifu ili tope lisitoe sauti. Mbele wenzake walimwita, Mama Alfani, Mama Alfani, maji hayo. Hakuitika bado. Kaa alingoja kidogo, kisha akaendelea kula.